Filamu za kutisha za Tanzania

Filamu za kutisha za Tanzania ni filamu za Kiswahili zinazosimulia habari za majini, wachawi, misukule, mizimu na viumbe wengine wa kuogofya. Ni tawi la filamu za video zinazojulikana kwa jina la Bongo Movie. Zilishika kasi jijini Dar es Salaam katika nusu ya kwanza ya miaka ya 2000, na mwongozaji anayetajwa kwanza kila zinapozungumzwa ni Mussa Banzi, aliyeongoza Nsyuka na Shumileta (2005).

Filamu hizi zilitengenezwa kwa fedha kidogo, kwa kamera ndogo za video, na waigizaji wengi wao walitoka katika vikundi vya maigizo vya mitaani. Watazamaji wa leo mara nyingi huzicheka kwa sababu ya meno ya bandia, sauti za kuazima na majini yanayotoweka kwa kukata picha. Zikitazamwa upya, hata hivyo, zinaonyesha jambo ambalo filamu nyingine za Kiswahili za wakati huo zilipitia juu juu: watu wa Dar es Salaam walikuwa wakiogopa nini, na walikuwa wakikiogopa wapi. Shida ni kwamba nyingi kati ya filamu hizo ni vigumu sana kuzipata.

Kabla ya video

Dar es Salaam ilikuwa na majumba ya sinema tangu wakati wa ukoloni. Empire, Avalon, Odeon na mengineyo yalionyesha filamu za Kihindi na za Kimarekani, na tangu mwaka 1966 watu wenye magari, na wengine wasio nayo, walikwenda Drive-In ya Msasani, mahali ambapo leo pamejengwa ubalozi wa Marekani. Hofu waliyoiona huko ilikuwa ya wageni. Kulikuwa na nyoka wanaojigeuza wanawake katika filamu za Kihindi kama Nagin (1976) na Nagina (1986), na wanyonya damu wenye majoho meusi kutoka Ulaya. Mtazamaji alitishika, akarudi nyumbani, na njiani akaogopa vitu vingine kabisa.

Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa na serikali mwaka 1968, nayo ilitilia mkazo filamu za mafunzo na maendeleo. Mambo ya mizimu na tiba za asili yaliguswa kwa uzito katika filamu chache. Arusi ya Mariamu (1985) ya Ron Mulvihill na Nangayoma Ng'oge inahusu mwanamke mgonjwa anayemwogopa mganga wa jadi. Miaka mingi baadaye Mulvihill alishirikiana na Martin Mhando katika Maangamizi (2001), ambamo Amandina Lihamba aliigiza mgonjwa wa hospitali ya akili anayetembelewa na mzimu wa bibi. Maangamizi ilikuwa filamu ya kwanza ya Tanzania kupelekwa kushindania tuzo ya Oscar kwa filamu za lugha za kigeni. Hizi zote mbili si filamu za kutisha kwa maana ya kawaida. Mganga na mzimu ndani yake ni watu wa kusikilizwa, na shabiki wa Shumileta akiziona leo huenda asitambue undugu wowote.

Kilichobadilisha mambo ni video. Zanzibar ilipata televisheni mwaka 1974, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja hadi mwaka 1994. Katika pengo hilo deki za VHS ziliingia majumbani na katika vibanda vya kuonyeshea picha. Televisheni ilipofika, vikundi vya maigizo kama Kaole, chenye makao yake Magomeni, vilipata umaarufu kupitia michezo ya ITV, na waigizaji wake wakawa nyuso zinazojulikana. Mwaka 2003 filamu ya Girlfriend, iliyoongozwa na George Tyson na kuwashirikisha wasanii wa Bongo Fleva, ilionyesha kwamba filamu ya video ya Kiswahili inaweza kuuzwa kama kaseti ya muziki. Ndani ya miaka michache soko la Kariakoo lilijaa filamu za mapenzi, na pembeni yake zikasimama filamu za kutisha.

Nsyuka na Shumileta

Nsyuka huhesabiwa miongoni mwa filamu za kwanza kabisa za kutisha za Tanzania. Jina lake halikutoka kwa Drakula wala kwa zombi wa Kimarekani. Ni neno la Kinyakyusa, lugha ya watu wa kusini mwa mkoa wa Mbeya. Kitenzi ukusyuka kina maana ya kufufuka, na abasyuka ni wazee waliokufa ambao wanaendelea kuwa na nguvu juu ya walio hai. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyeishi na Wanyakyusa tangu miaka ya 1930, aliandika kwa kirefu juu ya ibada za mazishi zilizokusudiwa kumtenga marehemu na jamaa zake ili asiwaletee madhara. Kwa hiyo aliyefufuka bila kuitwa ni jambo zito zaidi ya kichekesho cha meno marefu: ni marehemu ambaye kazi ya kumzika haikukamilika.

Kuchagua jina hilo kulikuwa na maana kwa Dar es Salaam. Jiji limejengwa na wahamiaji, na katika nyumba moja ya kupanga huko Tandika au Mwananyamala mtu wa Tukuyu anaweza kulala ukuta kwa ukuta na mtu wa Kilwa na mtu wa Musoma. Kila mmoja amekuja na hofu za kwao. Filamu ilichukua hofu ya nyanda za juu, ikaiweka ndani ya nyumba ya mjini, na wapangaji wengine wakajifunza kuiogopa. Neno nsyuka lenyewe lilifika kwa watu ambao hawajawahi kufika Mbeya.

Shumileta ilielekea upande wa pwani. Mhusika mkuu, aliyeigizwa na Jennifer Mwaipaja, ni jini wa kike anayeingia katika mapenzi na mwanadamu. Mwaipaja alibandikwa jina hilo, na kwa miaka mingi magazeti ya burudani yalimwandika kama "Shumileta". Hadithi ya mwanamume anayependwa na jini ni ya zamani katika pwani yote ya Waswahili. Kuanzia Mombasa hadi Kilwa husimuliwa habari za mwanamke mzuri mwenye manukato anayekutana na kijana usiku karibu na bahari, na kijana anapotazama chini anaona kwato badala ya miguu. Katika masimulizi hayo jini si shetani tu. Ana ukoo, dini, wivu na ahadi. Anaweza kumpa mume wake mali nyingi kwa sharti la kutooa mke mwingine, na balaa huanza sharti linapovunjwa.

Mtu anayeifahamu Nollywood ataona pia alama za Nigeria. Filamu za Kinigeria zilizofuata njia iliyofunguliwa na Living in Bondage (1992) zilifika Dar es Salaam kwa kanda, na mbili kati yake ziko karibu sana na Shumileta kwa wazo: Nneka the Pretty Serpent (1994), kuhusu mwanamke wa majini anayenasa wanaume, na Karishika, kuhusu mwanamke anayetumwa na Lusifa kuzitafuta roho za watu. Mwanaanthropolojia wa Kijerumani Claudia Böhme, aliyefanya utafiti miongoni mwa watengenezaji wa filamu wa Dar es Salaam, aliziandikia filamu za Banzi sura katika kitabu Global Nollywood (2013). Anazieleza kama kazi zilizoungwa kwa vipande kutoka Nigeria, Hollywood na simulizi za hapa nyumbani. Maelezo hayo ni sahihi, mradi yasichukuliwe kuwa ni lawama. Mshona nguo wa Kariakoo naye huchukua mshono kutoka kwenye picha ya jarida la nje na kuukata kwa kitenge. Anayevaa ni mteja wake, na nguo lazima imkae yeye.

Tofauti kubwa kati ya jini wa Dar es Salaam na Karishika iko katika dini. Filamu nyingi za Kinigeria za aina hii humalizika kwa mchungaji kushika Biblia na shetani kukimbia. Katika jiji ambalo Waislamu na Wakristo wanaishi mtaa mmoja, mwisho huo hauwezi kumridhisha kila mnunuzi wa kanda. Ndiyo maana katika filamu za Kitanzania wokovu unaweza kutoka kwa mchungaji, kwa shehe anayesoma Kurani au kwa mganga, na mara nyingine familia huwazungukia wote watatu, kama familia nyingi halisi zinavyofanya mgonjwa asipopata nafuu hospitalini.

Viumbe wengine

Msukule ni kiumbe anayestahili kujulikana zaidi nje ya Tanzania. Ni mtu anayedhaniwa amekufa na kuzikwa, kumbe mchawi amemficha. Kilichozikwa, kwa imani hiyo, ni kitu kingine kilichogeuzwa kionekane kama mwili. Msukule hana ulimi wa kusema, hulishwa pumba, na usiku hutumwa kulima au kubeba mizigo ya aliyemchukua. Anafanana na zombi wa Haiti, ambaye naye hapo awali alikuwa mtumwa na si mla nyama za watu. Hofu iliyo ndani yake ni ya kufanyishwa kazi bila malipo na bila mwisho, na hofu ya pili ni ya jirani: huyu aliyejenga nyumba haraka hivi, nani anamfanyia kazi?

Popobawa, ambaye jina lake limetokana na maneno popo na bawa, alitokea Pemba na Unguja. Mwaka 1995 taharuki ilienea visiwani na watu wengi walilala nje kwa makundi, wakiwasha moto, kwa kuamini kwamba kiumbe huyo huwaingilia watu usiku majumbani mwao. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, na watafiti wengi wameihusisha taharuki hiyo na wasiwasi wa siasa. Mwaka 2007 uvumi ulifika hadi Dar es Salaam. Haji Dilunga ni miongoni mwa walioitengenezea hadithi hiyo filamu. Popobawa ni mgumu kwa mtengenezaji wa video, kwani sehemu ya kutisha ya masimulizi ni ile isiyoweza kuonyeshwa mbele ya bodi ya ukaguzi, na bawa la bandia halitishi mtu.

Mumiani, mnyonya damu wa enzi za ukoloni anayevizia watu njiani ili damu yao itengenezwe dawa, ametumiwa kidogo kuliko inavyotarajiwa, ingawa mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima, Speaking with Vampires (2000), kuhusu uvumi wa aina hii Afrika Mashariki. Ni hadithi ambayo bado inamsubiri mwongozaji.

Filamu za sayansi ya kubuni karibu hazipo Tanzania. Kenya ilipata Pumzi (2009) ya Wanuri Kahiu, filamu fupi kuhusu Afrika Mashariki isiyo na maji baada ya vita, iliyoonyeshwa katika tamasha la Sundance mwaka 2010. Dar es Salaam, mambo ambayo kwingine hufanywa na mashine za ajabu hufanywa na uchawi: kusafiri mbali kwa dakika moja, kuona yanayotokea mji mwingine, kuwa mahali pawili. Mchawi anapaa na ungo, na habari za ungo ulioanguka na wachawi wake juu ya paa la mtu ni za kawaida mitaani. Mwenye chombo cha namna hiyo hahitaji roketi.

Namna zilivyotengenezwa

Kikundi kilihitaji kamera, taa moja au mbili, gari la kuazima na nyumba. Nyumba ya kifahari ilitafutwa Mbezi au Mikocheni kwa siku chache. Nyumba ya mhusika maskini haikuwa na gharama, kwa kuwa waigizaji wenyewe waliishi katika nyumba za namna hiyo. Wilaya ya Kinondoni wakati huo ilikuwa inajumuisha pia Sinza, ambayo leo iko Ubungo, na Wilaya ya Temeke ilifika hadi Kigamboni. Kwa hiyo katika wilaya hizo mbili mtu alipata fukwe za kumtokezea jini, vichaka vya kumficha mchawi, na vichochoro vya kumkimbizia stelingi.

Jini hutoweka kwa njia ambayo Mfaransa Georges Méliès aliitumia tangu mwaka 1896. Kamera inasimamishwa, mwigizaji anatoka, wenzake wanabaki wametulia, kamera inaendelea. Kompyuta ya kuhariri iliongeza moshi, miale, macho yanayowaka na watu wanaopita ukutani. Muziki na milio ya radi mara nyingi ilitolewa katika filamu za nje, na ndiyo maana mtazamaji makini husikia Hollywood ikimlilia bibi kizee wa Mbagala. Filamu ilikatwa sehemu mbili na kuuzwa kama kanda mbili, baadaye CD mbili, na mwisho wa sehemu ya kwanza ulipaswa kumfanya mnunuzi arudi dukani. Ni kanuni ya biashara iliyoathiri sanaa: matukio ya nusu ya kwanza hurefushwa mno, na kiumbe anayesubiriwa huonekana vizuri karibu na mwisho.

Mapungufu hayo yana faida moja isiyokusudiwa. Taa ilipokuwa moja, sehemu kubwa ya chumba ilibaki gizani. Sauti ya mtaa, yaani jogoo, adhana, muuza maji na redio ya jirani, iliingia ndani ya kila tukio kwa sababu hakukuwa na studio ya kuizuia. Jini anaingia katika mtaa ambao haukunyamaza kwa ajili yake. Filamu za miaka ya baadaye, zenye picha safi na nyumba zenye marumaru, zimepoteza hali hiyo. Devil Kingdom (2011), ambamo Steven Kanumba aliigiza pamoja na Mnigeria Ramsey Nouah katika hadithi ya watu waliojiunga na ibada za shetani ili watajirike, ina picha bora kuliko Shumileta kwa kila kipimo cha ufundi, lakini hofu yake ni ya matajiri, na mtaa hausikiki.

Filamu hizi zilitazamwa na watu wengi kuliko walionunua kanda. Vibanda vya video, maarufu kama vibanda umiza, vilikuwa vyumba vya mabati au mbao vyenye televisheni, deki na mabenchi. Humo humo ndimo wasimuliaji walipozitafsiri filamu za nje kwa Kiswahili juu ya sauti ya asili. Derek Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, ndiye aliyepata umaarufu mkubwa kwa kazi hiyo. Mtazamaji aliyezoea kibanda hakukaa kimya. Alimwonya stelingi asifungue mlango, alimtukana mchawi, alicheka kwa sauti ili asionekane ameogopa.

Ukosoaji

Filamu zote zilitakiwa kupita katika bodi ya ukaguzi iliyoundwa chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976. Wakosoaji wa magazetini walilalamikia zaidi uigaji wa Wanigeria na mavazi ya waigizaji wa kike. Lawama nzito zaidi ni nyingine. Mchawi wa filamu hizi ni nadra sana kuwa kijana au tajiri. Kwa kawaida ni mwanamke mzee, mjane, maskini, mwenye macho mekundu. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa wanawake wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na macho mekundu, ambayo mara nyingi husababishwa na moshi wa jikoni wa miaka mingi, yamechukuliwa kama ushahidi. Mauaji hayo yalikuwepo kabla ya video, na Sheria ya Uchawi ni ya tangu mwaka 1928. Hata hivyo mtazamaji wa leo hawezi kumwona bibi wa filamu akipigwa na wanakijiji, kamera ikiwa upande wa wanaopiga, bila kukumbuka wanawake hao. Shumileta hana kosa hilo. Mwenye kutisha ndani yake ni mwanamke kijana anayependa, na mtazamaji anaweza hata kumwonea huruma.

Hali ya nakala

Kanda ya VHS huharibika kwa joto, unyevu na ukungu, vitu ambavyo Dar es Salaam inavyo mwaka mzima. Filamu za mwanzo ziliuzwa kwa VHS, kisha zikanakiliwa katika CD za bei nafuu, mara nyingi na wezi wa kazi za sanaa. Wezi hao, ambao waliwanyima watengenezaji kipato, ndio waliosambaza nakala hadi vijijini, na baadhi ya zilizobaki leo ni zao. Mwaka 2013 serikali ilianza kutumia stempu za kodi kwenye kazi za filamu na muziki ili kutenganisha nakala halali na za wizi, lakini wakati huo biashara ya CD ilikuwa karibu na mwisho wake. Vipande vya baadhi ya filamu vimepandishwa YouTube, bila mpangilio, sehemu ya pili ikiwepo na ya kwanza ikikosekana, au majina ya waigizaji yakiwa yamekatwa.

Mfano wa jirani unaonyesha jinsi filamu inavyoweza kupotea hata ikiwa maarufu. Huko Wakaliga, kitongoji cha Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex? (2010), filamu ya mapigano iliyopata mashabiki duniani kote kupitia intaneti. Kompyuta yake haikuwa na nafasi ya kutosha, hivyo aliifuta ili atengeneze filamu iliyofuata. Kilichobaki ni nakala yenye sauti ya msimuliaji VJ Emmie akitania na kushangilia juu ya kila tukio, na dunia inaijua filamu hiyo kwa sauti yake. Kwa Nsyuka na Shumileta, mahali pa kutafuta nakala nzima ni makabati ya waliokuwa wakikodisha kanda mitaani, na maduka machache ya CD ambayo bado hayajageuzwa kuwa vibanda vya kutuma fedha kwa simu.